Somo Hili Linanihusu Nini?

Kwa miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, swali nililoulizwa mara nyingi kuliko mengine halikuwa la chakula wala la posho, ingawa hayo nayo yaliulizwa. Lilikuwa hili: "Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza kufundisha hisabati. Kilimo kinanihusu nini?" Mwaka mwingine ilikuwa siasa, mwaka mwingine muziki. Muulizaji aghalabu alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye bidii, aliyeona kwamba anaporwa saa zake. Sikumchukia. Swali lake ni la zamani, na limewasumbua watu wenye vyuo vikubwa na fedha nyingi kutuzidi sisi.

Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa, na mara nyingine lilivyokwepwa, huko Marekani, hasa katika vile vyuo vyao vya miaka miwili viitwavyo vyuo vya jamii. Nimevichagua kwa makusudi. Vyuo vikuu vyao mashuhuri vimeandikwa vya kutosha. Vyuo vya jamii vinakaribiana zaidi na vyuo vyetu vya ualimu: waendao huko ni watoto wa watu wa kawaida, watu wazima wenye kazi na familia, na wageni waliohamia juzi, na wengi wao wanatafuta cheti kitakachowapatia riziki. Kumwambia mtoto wa tajiri asome historia na falsafa kabla ya kuchagua kazi si jambo zito, maana ana muda. Kumwambia hivyo mama mwenye watoto wawili anayefanya kazi usiku na kusoma mchana, tena kwa fedha yake, kunahitaji sababu nzuri.

Kwanza nieleze utaratibu wenyewe. Mwanafunzi wa chuo cha jamii anayetafuta shahada ya miaka miwili hupaswa kukusanya krediti zipatazo 60. Somo moja la kawaida, la saa tatu kwa wiki kwa muda wa semesta moja, lina krediti tatu; kwa hiyo shahada ni kama masomo 20. Katika hayo, sehemu fulani si ya fani yake bali ni ya lazima kwa kila mtu: uandishi, hisabati, sayansi, historia, utawala wa nchi, sanaa, na elimu ya jamii. Hiyo ndiyo wanayoiita elimu ya jumla. Ukubwa wa sehemu hiyo hutegemea jimbo na aina ya shahada, na tofauti zake, kama tutakavyoona, si ndogo hata kidogo.

Ajabu ni kwamba taifa hili lenye masomo mengi ya lazima ndilo pia lililojaribu kuyafuta karibu yote. Charles Eliot alipokuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, kuanzia 1869 hadi 1909, alivunja hatua kwa hatua ule mtaala wa kale wa Kigiriki, Kilatini na hisabati ambao kila kijana alilazimika kuupita. Aliamini kuwa kijana wa miaka 18 anajua anachokitaka. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, somo la lazima lililobaki pale karibu lilikuwa moja tu, uandishi wa Kiingereza. Wanafunzi walichagua walivyopenda, na kama mtu yeyote aliyewahi kukaa na vijana angeweza kutabiri, wapo waliochagua masomo mepesi yasiyoanza asubuhi. Mrithi wake, Lowell, aliyeshika kazi mwaka 1909, akarudisha nidhamu kwa namna mpya: kila mwanafunzi azame katika fani moja, kisha aonje masomo ya mafungu mengine. Mpango huo wa kuzama na kuonja ndio babu wa orodha zote za leo. Lakini Harvard haikuwa ikifikiria watu wa vyuo vya jamii, kwa sababu vilikuwa vichanga mno.

Vyuo hivyo vilitokea Chicago, na historia yake haina utukufu ambao mtu angeutarajia. William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago kilichofungua milango mwaka 1892, alikuwa na hamu ya kujenga chuo cha utafiti kwa mfano wa Ujerumani. Wanafunzi wa miaka miwili ya kwanza, wanaojifunza kuandika insha na kukokotoa, alikuwa akiwaona kama mzigo. Akakigawa chuo chake sehemu mbili, ya chini na ya juu, na wanaomaliza sehemu ya chini wakaanza kupewa shahada ndogo yao wenyewe mwaka 1900. Kisha akawahimiza wakuu wa shule za sekondari waichukue kazi hiyo ya miaka miwili wenyewe. J. Stanley Brown, aliyekuwa mkuu wa shule katika mji wa Joliet karibu na Chicago, alikubali. Mwaka 1901 wanafunzi sita walianza masomo ya ngazi ya chuo ndani ya shule yake ya sekondari. Sita tu! Chuo cha Joliet kipo hadi leo na ndicho kinachohesabiwa kuwa chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote. California ilifuata kwa sheria ya mwaka 1907 iliyoruhusu shule za sekondari kufundisha masomo ya baada ya kidato cha mwisho, na mji wa Fresno ukaanza mwaka 1910.

Naomba msomaji alikumbuke jambo hili la Harper, maana nitalirudia. Elimu ya jumla katika vyuo vya jamii haikuanza kama zawadi kwa wananchi. Ilianza kama mzigo wa chuo kikuu uliotuliwa mlangoni mwa shule ya sekondari. Kilichofundishwa Joliet kilikuwa kilekile cha miaka miwili ya kwanza Chicago, kwa sababu lengo lilikuwa mwanafunzi akihama apokewe.

Sababu ya pili, ile yenye heshima zaidi, ilikuja na vita. Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha somo la ustaarabu wa nyakati hizi, lililotokana na somo la wakati wa vita la kuwaeleza vijana sababu za vita ile. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alilisoma. Wazo lilikuwa kwamba watu wanaoweza kuitwa kupigana au kupiga kura wanapaswa kuwa na mambo kadhaa wanayoyajua kwa pamoja. Baada ya Vita vya Pili wazo hilo lilipata nguvu kubwa. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia karo askari waliorudi, na zaidi ya milioni mbili wakaingia vyuoni. Mwaka 1945 Harvard ikatoa ripoti yake maarufu juu ya elimu ya jumla katika jamii huru. Lakini ripoti ninayoiona kuwa nzito zaidi kwa mada yetu ni ile ya tume iliyoteuliwa na Rais Truman mwaka 1946, chini ya uenyekiti wa George Zook, iliyotoka kwa majuzuu sita kuanzia mwaka 1947.

Tume ya Zook ilisema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba angalau asilimia 49 ya Wamarekani wana akili ya kumaliza miaka 14 ya masomo, yaani miaka miwili baada ya sekondari; kwa hiyo vyuo vya miaka miwili vijengwe kila mahali, bila karo, karibu na nyumbani kwa watu. Jina la chuo cha jamii lilienea kutokana na ripoti hiyo. La pili, kwamba elimu ya jumla si ya wale tu watakaoendelea na chuo kikuu. Fundi, karani na muuguzi nao ni raia. Nao watapiga kura, watalea watoto, watasoma magazeti na kudanganywa nayo. Kwa hiyo mafunzo ya kazi na elimu ya jumla viende pamoja kwa mtu yuleyule. Nilipoisoma hoja hiyo kwa mara ya kwanza niliona kama naisikia sauti ya kwetu.

Maana sisi nasi tulilipitia swali hili, tena kwa kishindo. Waingereza walituachia elimu ya kuchimba kisima kimoja: kidato cha tano na cha sita masomo matatu, chuo kikuu pengine mawili. Kitu pekee kilichomkumbusha mwanafunzi wa sayansi kwamba dunia ina mambo mengine kilikuwa karatasi ya General Paper, ambayo Uganda bado wanaitahini. Kisha Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Mwezi Februari 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na mwezi Machi Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Haikuchukua muda chuo kikuu kikaanzisha kozi ya pamoja kwa wanafunzi wote, iliyokuja kuitwa taaluma za maendeleo, nayo ikapata taasisi yake mwaka 1973. Daktari mtarajiwa na mhandisi mtarajiwa walikaa katika ukumbi mmoja na mwanasheria. Katika vyuo vya ualimu kazi hiyo ilifanywa na siasa, kilimo na miradi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile ya Zook: msomi asiwe mgeni katika nchi yake. Tofauti ni kwamba kwetu ilisemwa waziwazi kuwa tunataka kumjenga mtu wa namna fulani. Wamarekani hulisema jambo hilo kwa sauti ya chini, lakini hulisema.

Miaka ya 1960 ndiyo vyuo vya jamii vilipoota kama uyoga. Inasemwa kwamba katika mwongo ule kilifunguliwa karibu chuo kimoja kila wiki. California iliweka mpango wake mkuu mwaka 1960: theluthi ya juu ya wahitimu wa sekondari waende vyuo vikuu, na ndani yao thumuni ya juu kabisa wapate nafasi katika Chuo Kikuu cha California; wengine wote, yeyote anayetaka, wapokewe vyuo vya miaka miwili, na wakifanya vizuri wahamie juu. Huo ni mpango wa haki ukiusoma juu juu. Lakini mwaka uleule wa 1960 mwanasosholojia Burton Clark, aliyekichunguza chuo cha namna hiyo mjini San Jose, aliandika kwamba vyuo hivi vina kazi nyingine isiyotajwa kwenye lango. Wanafunzi wengi huingia wakisema watahamia chuo kikuu, wengi hawahami. Chuo, kwa mitihani ya kuingilia, kwa washauri na kwa maneno ya upole, huwapoza taratibu hadi wakubali wenyewe kwamba wanafaa cheti cha ufundi. Hakuna anayeambiwa amefeli. Mtu huondoka akidhani amechagua.

Sijui kama yupo mkuu wa chuo anayeweza kuyasoma hayo bila kukaa vizuri kwenye kiti. Kwetu upozaji haukuwa wa upole, kwani matokeo ya darasa la saba na ya kidato cha nne yalikata watu kwa panga. Lakini ule wa Clark una ukali wake, na chombo chake kimojawapo kilikuwa ni hayo hayo masomo ya lazima, hususan hisabati.

Chukua California yenyewe, yenye vyuo vya jamii 116 na wanafunzi wapatao milioni mbili. Mwaka 2006 bodi inayovisimamia iliamua kwamba kuanzia 2009 hakuna atakayepata shahada ya miaka miwili bila kufaulu aljebra ya kati: milinganyo ya kipeo cha pili, logi na vipeo, mambo ambayo kwetu hufundishwa sekondari. Uamuzi ulikuwa wa nia njema. Walitaka shahada iheshimike. Lakini mwanafunzi aliyefika chuoni na hisabati dhaifu alipewa mtihani wa kumpanga, akatupwa katika madarasa ya kurudia masomo ya shule, pengine matatu au manne mfululizo, yasiyohesabika katika shahada hata krediti moja. Hesabu yake ni nyepesi na ya kutisha. Kama katika kila ngazi wanafaulu saba kati ya kumi na kuendelea, baada ya ngazi nne wamebaki wawili na kitu. Mtu aliyetaka kuwa mwalimu wa chekechea alikwama kwenye logi, akaacha chuo, akarudi dukani kwake. Ukimuuliza, atakwambia hisabati si fungu lake.

Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuvizuia vyuo kumpeleka mtu katika madarasa hayo ila pale inapoonekana kwamba hana nafasi ya kufaulu asipopitia huko. Vyuo vilitakiwa kuitekeleza kikamilifu ifikapo 2019, vikitazama maksi za sekondari badala ya mtihani wa siku moja. Wengi sasa huingia moja kwa moja katika somo la ngazi ya chuo, na wengi huchukua takwimu badala ya aljebra. Idadi ya waliofaulu hisabati ya chuo katika mwaka wao wa kwanza iliongezeka sana. Iliongezeka pia idadi ya walioanguka humo, jambo ambalo walimu wa hisabati hawakuacha kulisema, na nawasikiliza, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya darasa ambamo nusu hawakuwa tayari. Hata hivyo napima hivi: aliyeanguka mara moja katika somo lenyewe ana hali bora kuliko aliyesimamishwa uani miaka miwili bila kuliona.

Lakini nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba elimu ya jumla ni ukuta tu. Kuna mfano wa karibu nami unaoonyesha upande wa pili.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikwenda Houston, mahali penye Watanzania wengi, akajiunga na chuo kimoja cha jamii kusomea ufundi wa viyoyozi. Shahada yake ilikuwa ya krediti 60, lakini kwa kuwa ilikuwa ya ufundi, elimu ya jumla ilikuwa 15 tu, yaani masomo matano. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho chombo cha ithibati cha vyuo vya kusini mwa Marekani hukidai kwa shahada yoyote ya miaka miwili. Mwenzake wa chuo hicho hicho anayejiandaa kuhamia chuo kikuu anadaiwa krediti 42: sita za mawasiliano, tatu za hisabati, sita za sayansi, tatu za lugha, falsafa na utamaduni, tatu za sanaa, sita za historia ya Marekani, sita za utawala, tatu za elimu ya jamii, na sita za nyongeza. Mgawanyo huo umewekwa na jimbo la Texas kwa vyuo vyote vya umma.

Nilipompigia simu alilalamika kwa masomo yake matano. "Babu, nalipa fedha kusoma katiba ya Texas. Kuna kiyoyozi gani kwenye katiba ya Texas?" Nilicheka, maana nilikuwa nimelisikia swali hilo kwa lafudhi nyingi. Alinieleza kwamba katiba hiyo ni ya mwaka 1876, na imekwisha kufanyiwa marekebisho zaidi ya mara 500. Na kwamba huko majaji huchaguliwa kwa kura, wakiwa na vyama vyao, jambo ambalo lilinishangaza kiasi kwamba nilimwomba alirudie. Tulizungumza juu ya majaji kwa dakika nyingi kuliko tulivyowahi kuzungumza juu ya viyoyozi. Lakini hoja yake ya fedha sikuweza kuipuuza. Kwetu kijana aliyelazimishwa kilimo alipoteza jasho. Serikali ndiyo iliyolipa. Huko kila krediti ina bei, na mwanafunzi wa nje hulipa zaidi ya mwenyeji.

Miaka mitatu baadaye akaamua kusoma shahada ya kwanza ya usimamizi wa ujenzi. Akapeleka nakala ya matokeo yake katika chuo kikuu kimoja. Krediti zake 15 za elimu ya jumla zilipokewa zote, pamoja na katiba ya Texas na somo la kusikiliza muziki. Katika 45 za ufundi, ambazo alizipenda, alizofaulu kwa alama za juu na zilizompa kazi, zilipokewa sita, tena kama masomo ya hiari. Zilizobaki hazikuwa na thamani yoyote mbele ya mwandikishaji yule. Mtu anayejua kufungua mtambo wa baridi wa jengo la ghorofa kumi na kuufunga tena alionekana kana kwamba amesoma nusu mwaka.

Hapa ndipo namrudia Harper. Masomo ya jumla yalipita kwa sababu tangu 1901 yalitengenezwa yapite; yalikuwa miaka ya kwanza ya chuo kikuu iliyohamishiwa kwingine. Masomo ya ufundi hayakuwahi kuwa ya chuo kikuu, kwa hiyo hayana mlango wa kuingilia. Majimbo yameandika sheria nyingi kurahisisha njia hiyo. Florida ilikuwa na mapatano yake tangu 1971, ambayo yanamhakikishia mwenye shahada ya miaka miwili ya kuhamia nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo. Texas kwa sheria ya 1997 ilitamka kwamba fungu la masomo ya msingi likikamilika lipokewe lote kwa pamoja. Sheria hizo ni nzuri. Lakini zote zinahusu lile fungu la jumla. Maneno yaliyoandikwa katika vitabu vya mwongozo vya vyuo ni ya Zook, kuhusu raia na fikra huru; mfumo unaoendesha mambo ni wa Harper. Na kwa mfumo huo, aliyepewa masomo 5 ya jumla na aliyepewa 14 hawakupewa ujuzi tofauti tu, bali pia nauli tofauti. Wa ufundi, ambaye Zook alimtaja kwa jina hasa, ndiye aliyepunjwa. Tena amepunjwa kwa kuhurumiwa, eti asichoshwe na mambo yasiyomhusu.

Wapo watakaosema dawa ni kumwongezea fundi masomo ya jumla. Mimi ningeanza upande mwingine, kwa kukitaka chuo kikuu kiufungue ule mtambo wa baridi na kuona ni fizikia kiasi gani imo ndani. Hata hivyo sidhani kwamba hayo matano ya mjukuu wangu yalikuwa mengi. Katika mazungumzo yetu ya miaka ile, aliyoyakumbuka na kuyasimulia yalikuwa ya humo.

Linabaki suala la nani anaandika orodha, na hilo ni la siasa, hata pale wanapokana. California katika miaka hii ya karibuni imeongeza somo la lazima la historia na maisha ya makabila na rangi zilizobaguliwa. Kisha kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 imeunganisha orodha mbili za wanaohama kuwa moja ya krediti 34, na katika kupunguza huko sanaa na fasihi zimetoka masomo matatu hadi mawili, na somo la kujielewa na kujiendeleza maishani limeondolewa kabisa. Florida imekwenda njia nyingine: Januari 2024 bodi zake zilitoa sosholojia katika orodha ya masomo ya msingi ya elimu ya jumla, na mahali pake wakaweka historia ya Marekani. Anayetaka bado anaweza kuisoma sosholojia kwa hiari. Lakini mtu yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya chuo anajua maana ya somo kutoka kwenye lazima kwenda kwenye hiari: mwaka wa kwanza darasa linapungua nusu, mwaka wa tatu mwalimu anahamishwa.

Sisi tuliliona hilo mapema. Baada ya sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992, somo la siasa, lililokuwa na saa zake, vitabu vyake na mitihani yake, likakosa mwenyewe, na mahali pake ikaja elimu ya uraia. Barua ilifika kabla ya vitabu. Mwalimu wetu wa siasa, mtu makini aliyekuwa amefundisha kwa miaka mingi, alikuja ofisini siku ya Ijumaa akaniuliza afundishe nini Jumatatu. Nilimwambia aanze na katiba, kwa kuwa nakala yake moja tulikuwa nayo kabatini. Akaichukua, akaketi nayo barazani hadi jua likazama, akiandika maandalio yake upya.